Jambia ya babu inatoka wapi?

Bandugu, mwezi huu wawili kati yetu wameniuliza juu ya jambia ya familia, na kwa wote wawili mchuuzi alikuwa amekwisha kutaja bei. Yeye anapima feza kwa mizani, basi. Mbele ya kumwachia, itazameni vizuri.

Anzeni na ala. Ya Oman imekunjwa karibu kona kamili, kama herufi J, na inashikwa na mkanda kwa pete, mara nyingi nne au saba. Ya Yemeni kwa kawaida inasimama wima katikati ya tumbo, juu ya mkanda mpana, na haina pete hizo. Kwetu Maniema tunategemea ya Oman, kwa sababu Tippu Tip na Bangwana wenzake walikaa Kasongo na Nyangwe, miji iliyotekwa 1893. Lakini umbo peke yake si ushahidi wa umri: Waomani wanaivaa mpaka leo kwenye sherehe, na UNESCO iliiingiza katika orodha yake 2022.

Sumaku ya spika ya redio inasaidia kidogo tu. Ikishika ala, si feza. Isiposhika, bado inaweza kuwa shaba iliyopakwa. Chungulia pale paliposuguliwa na mkanda miaka mingi: feza inabaki nyeupe, shaba inaonyesha wekundu au manjano.

Mpini ndio unaobeba bei, na hatari pia. Pembe ya tembo, ukitazama kichwa chake kilichokatwa, ina mistari inayopishana kama wavu. Mfupa una vitundu vidogo vidogo. Plastiki mara nyingi ina mshono wa kalibu. Pembe ya kifaru iko kama nywele zilizogandamana, na ukiiweka mbele ya jua kingo zake zinapitisha rangi ya asali. Hiyo, biashara yake kati ya nchi imekatazwa na mkataba wa CITES tangu 1977. Mchuuzi anajua; ndiyo maana hauzi maswali mengi, anaharakisha.

Ubavu wa kisu usiwasumbue sana, maana bapa lilikuwa likibadilishwa likichakaa.

Na tafadhali, hapana kuchoma mpini kwa sindano ya moto, hapana kusugua kwa majivu na ndimu. Pigeni picha pande zote mbili, na rula kando, hata ile kona ya mpini iliyovunjika. Hapo ndipo mistari inaonekana.