Kukodi Lori la Mazao: Kuepuka Madai Wakati wa Kulirudisha

Msimu wa kukusanya mazao unapowadia, vyama vya msingi visivyo na magari hulazimika kukodi lori. Bei ya kukodi hujulikana mapema. Madai yanayozuka siku ya kulirudisha ndiyo huwashtua viongozi, na fedha za kuyalipa hutoka katika jasho la wakulima.

Yampasa katibu ausome mkataba wote kabla ya kutia sahihi, na aulize mambo manne: kilomita zinazoruhusiwa kwa siku, saa ya kurudisha, kiasi cha mafuta kinachotakiwa tangini, na nani atakayegharimia pancha na matengenezo ya njiani. Tuseme mkataba waruhusu kilomita 200 kwa siku, na kila kilomita ya ziada ni shilingi 1,000. Lori likienda kilomita 720 kwa siku tatu, chama kitadaiwa shilingi 120,000 zaidi.

Kabla lori halijaondoka, katibu na mwenye gari walikague pamoja: mita ya kilomita, mafuta, matairi pamoja na la akiba, jeki, turubai, vioo na mikwaruzo. Kila kasoro iandikwe katika nakala mbili zenye sahihi za wote wawili. Likirudi, likaguliwe vivyo hivyo mbele ya mwenyewe. Lisiachwe usiku kwa mlinzi.

Aidha, mkataba, orodha hizo na stakabadhi za mafuta viwekwe katika jalada la chama, ili mkaguzi wa hesabu na wanachama waweze kuviona.