Halloween Inakuja, Usikimbilie Kununua Mzigo kwa Sababu ya TikTok

Kila ikifika Oktoba TikTok inajaa maboga yaliyochongwa macho na meno, na watu waliojipaka damu ya bandia. Unaanza kuwaza, mbona hii ni hela?

Mimi niliwaza hivyohivyo hapa Kiseke. Nikachomoa 180,000 kwenye mtaji wa mabegi, nikaagiza Kariakoo maski za kutisha dazeni tatu. Nimeuza nane tu. Saba walichukua vijana wa baa moja ya mjini, moja mtoto wa jirani, tena kwa mkopo.

Hela ya Halloween ipo kweli, ila ipo Marekani. Mwaka 2023 shirikisho la wauzaji wa rejareja la huko, NRF, lilikadiria watu wangetumia dola bilioni 12.2, kama dola 108 kwa mtu. Ni nguo za kuigiza, mapambo na pipi. Jioni ya tarehe 31 Oktoba watoto wanapita nyumba kwa nyumba wanaomba pipi, kwa hiyo hata asiyevaa chochote ananunua pipi za kuwapa. Na karibu nusu ya wateja wanaanza kununua kabla Oktoba haijaingia.

Huku nani atakugongea mlango anaomba pipi usiku? Zaidi ni pati za baa na hoteli.

Halafu kuna jambo sikulifikiria kabisa. Niliposti status maski ya bibi mchawi, macho mekundu. Mama mmoja, mteja wangu wa mabegi, akanipigia: "Mwanangu, hivyo vitu umetumwa na nani?" Nilicheka kwanza. Baadaye nikanyamaza. Kanda ya Ziwa hii vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi kisa macho mekundu, na wengi ni moshi wa kuni tu. Nikaifuta ile picha. Yule mama hajanunua tena kwangu.

Sasa hivi Oktoba naanza Krismasi. Naposti magauni na viatu vya watoto, mama anachagua saizi, analipa kidogo kidogo hadi Desemba. Naagiza kilicholipiwa angalau nusu, sio kilichopata likes.

Maski 28 bado zipo chini ya kitanda. Mwenye oda ya pati aje inbox, namwachia kwa bei niliyonunulia, 5,000.