Mshahara Upi Unaohesabiwa Katika Pensheni ya Askari?

Karibu kila askari anayekaribia kustaafu huketi na mkewe jioni moja, watoto wakisha lala, wakapiga hesabu ya maisha yajayo. Watajenga nyumba ya vyumba vingapi? Karo ya mtoto wa mwisho itatoka wapi? Kalamu na karatasi huletwa, na mara nyingi hesabu hiyo nzuri huanza na kosa moja kubwa. Huanza na fedha zote zinazoingia mkononi mwisho wa mwezi. Sheria ya Pensheni ya hapa Uganda haianzi hapo.

Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 254, inasema kwamba mtumishi wa umma anayestaafu atapata pensheni inayolingana na cheo chake, mshahara wake na muda wa utumishi wake. Inasema pia kwamba pensheni hiyo haitatozwa kodi, na kwamba italipwa kwa wakati na kwa utaratibu ulio rahisi kwa mstaafu. Basi, ndugu msomaji, ni vema mambo hayo yaeleweke nyumbani kabla ya siku ya kurudisha sare.

MSHAHARA SI POSHO

Kinachohesabiwa katika pensheni ni mshahara uliowekwa kwa cheo chako. Posho ya safari, posho ya kazi maalum na malipo mengine ya kusaidia kazi hayaingii, hata kama umeyapokea kwa miaka mingi bila kukosa. Posho hutolewa kwa sababu ya kazi fulani. Kazi ikikoma, nayo hukoma. Mshahara ni wa cheo, nao ndio unaomfuata askari hadi uzeeni.

Kwa hiyo tazama karatasi ya mshahara kwa makini. Mstari wa chini kabisa unaonyesha fedha ulizopokea baada ya kuongezwa posho na kukatwa kodi na mikopo. Pensheni haihesabiwi kutokana na mstari huo. Tazama mstari wa juu, ulioandikwa mshahara wa msingi, kabla ya nyongeza na makato yote.

HESABU YENYEWE

Hesabu si ngumu. Chukua mshahara wa mwezi unaopata wakati wa kustaafu, uuzidishe kwa 12 ili upate mshahara wa mwaka. Zidisha jibu kwa idadi ya miezi kamili uliyotumikia. Kisha gawanya kwa 500. Hiyo ndiyo pensheni ya mwaka mzima.

Tuchukue mfano wa sajini wa polisi aliyetumikia miaka 25, yaani miezi 300. Tuseme mshahara wake wa msingi ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Hii ni tarakimu ya mfano tu. Mshahara wa mwaka ni shilingi 7,200,000. Tukizidisha kwa 300 na kugawanya kwa 500, tunapata shilingi 4,320,000 kwa mwaka, yaani shilingi 360,000 kwa mwezi.

Fedha hizo hazitolewi zote kwa njia moja. Theluthi moja ya pensheni ya mwaka, yaani shilingi 1,440,000, huzidishwa kwa 15 na kulipwa kwa mkupuo mmoja kama kiinua mgongo. Sajini wetu atapata shilingi 21,600,000. Theluthi mbili zilizobaki hulipwa kila mwezi, nazo ni shilingi 240,000. Baada ya miaka 15 tangu kustaafu, mzee aliye hai huanza kulipwa pensheni yake kamili.

Sasa turudi kwa mume na mke waliokuwa wakipiga hesabu. Tuseme sajini huyu hupokea pia posho za shilingi 150,000 kila mwezi, nao wakaanza na jumla ya shilingi 750,000. Karatasi yao itaonyesha kiinua mgongo cha shilingi 27,000,000. Tofauti ni shilingi 5,400,000. Fundi akisha chimba msingi wa nyumba kwa kutegemea karatasi hiyo, nani atanunua mabati? Hapo ndipo mkopo wa haraka hubisha hodi, na mstaafu huanza uzee wake na deni.

THAMANI YA MWEZI MMOJA

Jambo la pili ni miezi. Katika mfano wetu, kila mwezi mmoja wa utumishi una thamani ya shilingi 72,000 katika kiinua mgongo, na shilingi 800 katika malipo ya kila mwezi. Ikiwa tarehe ya kuajiriwa imeandikwa vibaya na mwaka mzima ukapotea, askari hupoteza shilingi 864,000 za kiinua mgongo, na shilingi 9,600 kila mwezi. Kosa dogo la kalamu huwa kubwa kwa kurudiwa.

Miezi nayo ina mpaka wake. Pensheni haizidi asilimia 87 ya mshahara, na kiwango hicho hufikiwa kwa miezi 435, yaani miaka 36 na miezi 3. Kwa upande wa chini, anayeacha kazi kwa hiari kabla ya kutimiza miaka 10 ya utumishi asitegemee pensheni ya kila mwezi.

Jambo la tatu ni cheo. Kwa kuwa hesabu hufuata mshahara wa mwisho, nyongeza inayokuja karibu na kustaafu huinua miaka yote iliyotangulia. Sajini wetu akipandishwa na mshahara ukawa shilingi 660,000, kiinua mgongo huwa shilingi 23,760,000, na malipo ya mwezi shilingi 264,000. Kwa hiyo askari aliyepandishwa cheo ahakikishe kwamba mshahara mpya umeonekana kwenye karatasi yake, wala asiridhike na alama mpya begani peke yake.

Wanajeshi wana sheria yao ya pensheni, na wanaohusika na mishahara ya kikosi ndio watakaowaeleza hesabu yao. Lakini maswali ya kuuliza ni yale yale: mshahara upi, miezi mingapi, cheo gani?

IKIWA BIBI ANAFANYA KAZI

Katika nyumba nyingi mke wa askari naye ameajiriwa, pengine katika kiwanda, duka au hoteli. Yeye yumo katika mfuko wa NSSF uliowekwa na sheria ya mwaka 1985, na hesabu yake ni ya namna nyingine kabisa. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya malipo yake, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Hapa posho zinazolipwa kwa fedha zinahesabiwa.

Bibi anayelipwa mshahara wa shilingi 400,000 na posho ya shilingi 50,000 anapaswa kuwekewa asilimia 15 ya shilingi 450,000, nazo ni shilingi 67,500 kila mwezi. Mwajiri akihesabu mshahara peke yake, ataweka shilingi 60,000, na bibi atapungukiwa shilingi 90,000 kwa mwaka, mbali na faida ambayo fedha hizo zingezaa. Yafaa aombe taarifa ya akiba yake mara kwa mara na kuilinganisha na karatasi za mshahara.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tafuteni jalada moja gumu, mliweke mahali pasipofika mvua wala mchwa. Ndani yake wekeni barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo, karatasi za mshahara, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hakikisheni majina na tarehe zinafanana katika karatasi zote.

Tena, jalada hilo lisiwe siri ya baba peke yake. Mstaafu akifariki kabla ya kutimia miaka 15 tangu kustaafu, malipo huendelea kwa jamaa wanaostahili hadi muda huo utimie. Mjane asiyejua namba ya utumishi ya mumewe atatoka ofisi hii hadi ile akiulizwa maswali asiyoweza kuyajibu, huku watoto wakirudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Kwa hiyo, ndugu askari, mwezi huu utakapopokea mshahara, ipeleke nyumbani na karatasi yake. Mwonyeshe mama wa nyumba mstari wa juu, mhesabu miezi pamoja, mzidishe na kugawanya. Jibu likiwa dogo kuliko mlivyotumaini, ni heri mlijue leo, mngali na miaka ya kujiandaa.