Umbo la Mwili na Majeraha ya Wanafunzi Katika Sarakasi na Halaiki

Mwanafunzi anayefanya sarakasi shuleni au kushiriki halaiki ya sherehe za kitaifa huruka, hujipinda, hutua kwa kishindo na kuubeba uzito wa mwili wake kwa mikono. Ndiyo sababu huumia zaidi vifundo vya miguu na mikono, magoti na sehemu ya chini ya mgongo. Wapo wazazi wanaoamini kuwa mtoto mwembamba yu salama na mnene hafai. Imani hiyo ni nusu ya ukweli.

Umbo huonyesha mahali pa kuimarisha. Mwenye mwili mzito hutua kwa nguvu kubwa, hivyo miguu yake huhitaji mazoezi ya kutosha kabla ya kuruka kutoka juu. Mrefu hutumia nguvu nyingi kujizungusha. Mwenye viungo laini mno hujipinda kwa urahisi, lakini huteguka upesi misuli ikiwa dhaifu.

Jambo linalowahusu wote ni kipindi cha kurefuka haraka, ambacho aghalabu huwafika wasichana karibu na miaka 11 au 12, na wavulana 13 au 14. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna tabaka la gegedu ambamo mfupa hukua. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Likivunjika bila kutibiwa, mfupa unaweza kudumaa au kupinda. Mzazi anayeona sare imekuwa fupi ghafla amjulishe mwalimu, ili miruko ipunguzwe kwa muda.

Kumnyima mtoto chakula ili apungue ni kumdhuru. Mifupa hukosa nguvu, na msichana aliyekwisha kuvunja ungo anaweza kukosa hedhi. Dalili hiyo haifai kupuuzwa.

Mtoto akiumia, apumzishwe, kiungo kiinuliwe na kuwekewa kitambaa chenye maji baridi. Kiungo kilichovimba kisichuliwe wala kukandwa kwa maji ya moto siku mbili au tatu za kwanza. Apelekwe zahanati au kituo cha afya bila kuchelewa iwapo hawezi kukanyaga, kiungo kimepinda au kimekufa ganzi. Maumivu ya mgongo, goti au kifundo cha mkono yanayorudi kila baada ya mazoezi nayo yachunguzwe, hata kama mtoto hakuanguka.