Kamba Haimfichi Mbwa

Mbwa wengi wa mtaani kwetu Kabiria, Nairobi, hawajui kamba. Wanajua mnyororo: mchana wamefungwa kando ya banda la kuku, usiku wanafunguliwa walinde ploti. Kwa hiyo mwenye mbwa akiamua Jumamosi moja kumpeleka msitu wa Karura, mvutano huanzia getini kwake.

Karura mbwa anaruhusiwa, mradi awe kwenye kamba muda wote. Wenye mbwa hunung'unika: wa kwao hana maneno, kamba ya nini?

Mnyama wa msituni hapimi tabia ya mbwa, anapima harufu. Chukua paa wa Karura, yule mdogo anayefika gotini tu. Kinga yake ni kutulia tuli kichakani hadi adui apite. Mbwa akimkaribia mno, paa hutimka; naye mbwa, hata aliyeshiba, kitu kinachotimka hukifuata. Mbio hizo za kufa na kupona huharibu nyuzi za misuli ya paa, na mabaki ya nyuzi hizo yakiingia kwenye damu huziba figo. Anaweza kuponyoka bila hata mkwaruzo, mbwa akarudi akitikisa mkia, kisha paa akafa kesho yake. Mwenye mbwa ataapa hakuna kilichotokea. Wala hasemi uongo, hakukiona tu.

Kamba ya mita mbili huzuia hayo. Zile za kujikunja, zinazofunguka mita tano au zaidi, simshauri mtu: kidole kikipata kitufe, mbwa keshaingia kichakani.

Hata hivyo kamba haimfichi mbwa. Mwaka 2007 Peter Banks na Jessica Bryant walichapisha utafiti wa misitu ya pembezoni mwa Sydney, Australia. Walihesabu ndege baada ya mbwa kupitishwa njiani wakiwa wamefungwa kamba. Aina za ndege zilizoonekana zilipungua kwa asilimia 35, na ndege wenyewe kwa asilimia 41. Hata kwenye njia ambazo mbwa hutembezwa kila mara, ndege hawakuwa wamezoea. Basi ukiambiwa njia fulani si ya mbwa, usidhani unachukiwa.

Halafu kuna magonjwa, na hapa sina mzaha. Kichaa cha mbwa kiliripotiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi hii hii. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji jirani ndio walioshukiwa kuvileta. Mchanje mbwa wako dhidi ya yote mawili, na umpe mwezi mzima kinga ikomae kabla ya kumpeleka msituni. Kwa chanjo hizo, Kabete, kwenye kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, si mbali na kwetu.

Mwezi huo utumie kumzoesha kamba. Mvalishe mkanda wa kifuani, si wa shingoni, maana akivuta atajikaba. Toka naye alfajiri, kabla bodaboda hazijaamka, hadi dukani na kurudi. Kamba ikikaza, simama, ikilegea, endeleeni.

Siku ya msitu ikifika, beba mfuko wa kuzolea kinyesi. Mkirudi, mkague kupe masikioni na katikati ya vidole kabla hajaingia ndani.