Ununuzi wa Karatasi kwa Jumla: Kiasi Gani Kina Nafuu?

Huko Kimironko, katika Wilaya ya Gasabo mjini Kigali, soko kubwa na shule huwapa kazi wenye vibanda vya kutoa nakala. Familia ya askari iliyo na kibanda cha namna hiyo haina budi kujiuliza: tununue rimu chache kila mara, ama tuweke akiba ya mwaka mzima? Pasipo hesabu, faida huishia njiani au stoo, na karo ya watoto ikakosekana.

Rimu ina karatasi 500, na katoni kwa kawaida ina rimu 5. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5 hivi. Basi rimu kamili hufikia takriban kilo 2 na nusu. Mwenye mizani hapunjwi.

Gharama ni za aina mbili. Gharama ya kufuata mzigo hupungua ukinunua nyingi kwa pamoja. Gharama ya kuhifadhi huongezeka: fedha hulala, panya hutafuna, na unyevu wa mvua za Machi hadi Mei hufanya karatasi zikwame mashineni.

Tuchukue mfano wa kibanda kinachotumia rimu 40 kwa mwaka. Tuseme kila safari hugharimu faranga 2,000, na kuhifadhi rimu moja kwa mwaka faranga 400. Kwa kuwa akiba hupungua kidogo kidogo, wastani wa stoo ni nusu ya mzigo.

Rimu 5 kwa safari: 16,000 + 1,000 = 17,000
Rimu 10: 8,000 + 2,000 = 10,000
Rimu 20: 4,000 + 4,000 = 8,000
Rimu 40: 2,000 + 8,000 = 10,000

Nafuu ipo pale gharama hizo mbili zinapolingana. Kanuni hii ilitolewa na mhandisi wa Marekani, Ford W. Harris, mwaka 1913: zidisha mahitaji ya mwaka kwa gharama ya safari, kisha kwa mbili, gawanya kwa gharama ya kuhifadhi, halafu tafuta kipeuo cha pili.

Mwenye duka akikupunguzia bei ili uchukue rimu 40, usikimbilie. Punguzo sharti lizidi faranga 50 kwa rimu, ndipo lifidie zile 2,000 za ziada.

Nyumbani, weka katoni juu ya mbao, mbali na ukuta, wala usifungue rimu kabla ya kuihitaji. Kila iingiayo na itokayo iandikwe. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.