MAZOEZI YA SHABAHA KWA KUPIMA MUDA: ASILI YAKE, FAIDA YAKE NA TAHADHARI ZAKE

Watu wengi wanapotaja ustadi wa kulenga shabaha hufikiria jicho kali na mkono usiotetemeka. Mambo hayo mawili ni ya lazima, lakini hayatoshi. Mpigaji anaweza kupata katikati ya shabaha kila mara akiachiwa atulie apendavyo, kisha akashindwa kabisa pale anapoambiwa kwamba ana sekunde kumi tu. Kwa sababu hiyo wakufunzi wa majeshi na wa vyama vya michezo, kwa zaidi ya karne moja sasa, wamekuwa wakiitumia saa kama chombo cha mafunzo. Maelezo yafuatayo yanakusudia kuwafahamisha watumishi na wananchi kwa jumla namna mazoezi hayo yalivyoanza, yanavyofanya kazi, na mipaka inayopaswa kuheshimiwa.

Asili ya mazoezi haya

Mfano ulio mashuhuri zaidi ni ule wa jeshi la Uingereza. Vita vyake dhidi ya Makaburu, vilivyopiganwa Afrika ya Kusini kuanzia mwaka 1899 hadi 1902, vilidhihirisha kwamba askari wake wengi hawakuwa hodari wa shabaha. Baada ya vita hivyo, Skuli ya Shabaha ya Hythe, iliyoko Kent na iliyoanzishwa mwaka 1853, ilipewa umuhimu mkubwa zaidi. Mkufunzi wake mkuu, Norman McMahon, alitaka vikosi viongezewe bombomu. Ombi hilo lilipokataliwa, iliamuliwa kwamba upungufu huo ufidiwe kwa kumfundisha kila askari kupiga kwa haraka na kwa usahihi.

Kanuni za shabaha za mwaka 1909 ziliweka zoezi la risasi 15 kwa dakika moja, shabaha ikiwa umbali wa yadi 300, yaani takriban mita 274, na askari akiwa amelala kifudifudi. Bunduki ya Lee-Enfield ilianza zoezi ikiwa na risasi moja chembani na nne katika magazini. Kumi zilizobaki zilipaswa kujazwa ndani ya dakika hiyo hiyo kwa vibanio viwili vya risasi tano tano. Ikiwa kila ujazaji ulichukua sekunde tano, basi zilibaki sekunde 50 kwa risasi 15, yaani sekunde tatu na kidogo kwa kila moja. Ndani ya muda huo askari alitakiwa kuvuta mtambo, kulitoa ganda, kuingiza risasi nyingine, kulenga upya na kufyatua. Zoezi hilo baadaye lilijulikana kwa jina la "dakika ya wazimu". Hata hivyo halikuwa na wazimu wowote, kwani risasi iliyokosa shabaha haikuhesabiwa.

Tarehe 23 Agosti, 1914, huko Mons nchini Ubelgiji, askari waliofunzwa kwa njia hiyo walikabiliana na jeshi la Ujerumani lililowazidi sana kwa idadi. Imesimuliwa mara nyingi kwamba Wajerumani walidhani wanapigwa kwa bombomu. Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka simulizi hiyo, lakini ukali wa moto wa bunduki siku ile ni jambo lililothibitika. McMahon mwenyewe aliuawa karibu na Ypres mwezi wa Novemba mwaka huo huo, na hadi mwaka ulipokwisha sehemu kubwa ya askari wale wa zamani walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Bunduki zilipatikana nyingine, ilhali ustadi uliojengwa kwa miaka haukuweza kurejeshwa kwa miezi michache.

Mwambao wa Afrika Mashariki nao una funzo lake. Katika mapigano ya Tanga, mwanzoni mwa Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa na bunduki za muundo wa mwaka 1871, zilizotumia baruti yenye moshi mzito uliomfichua mpigaji kila alipofyatua. Pamoja na hayo, walilishinda jeshi kubwa zaidi lililoletwa kutoka Bara Hindi, ambalo baadhi ya vikosi vyake vilikuwa na mazoezi haba. Silaha mpya haizibi pengo la mazoezi.

Saa inafundisha nini

Faida ya kwanza ya saa ni kuonyesha mahali muda unapopotea. Mara nyingi mpigaji hudhani kwamba anachelewa katika kulenga, kumbe anachelewa kukiweka kitako begani, kujaza risasi, au kuirejesha bunduki mahali pake baada ya kurudi nyuma. Kasoro hizo haziponi kwa kuharakisha kidole. Huondoka kwa kurudia tendo lile lile kwa utaratibu ule ule hadi mwili uzoee. Faida ya pili ni kumzoesha mpigaji kuidhibiti pumzi na kukivuta kifyatulio taratibu hata moyo unapodunda kwa kasi.

Utaratibu unaofaa huanza bila ya saa. Mwanafunzi hupiga risasi tano kwa utulivu, na matokeo yake huandikwa daftarini. Yakisharidhisha, hupewa muda wa wasaa, kwa mfano sekunde 60 kwa risasi hizo tano. Muda hupunguzwa hadi 50, kisha 40, iwapo tu idadi ya risasi zinazopata shabaha haikushuka. Ikishuka, hurudishwa nyuma hatua moja. Mazoezi ya bunduki tupu, iliyokaguliwa na watu wawili na ambayo risasi zake zimewekwa chumba kingine, husaidia sana na hayana gharama.

Hali kadhalika, michezo ya kimataifa hutumia kanuni hii. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024, ambayo mashindano yake ya shabaha yalifanyika Châteauroux nchini Ufaransa, washindani wa bunduki ya upepo ya mita 10 walipewa dakika 75 kwa risasi 60 katika mchujo. Katika fainali walipiga mikupuo miwili ya risasi tano tano, kila mkupuo kwa sekunde 250, kisha risasi moja moja kwa sekunde 50 kila moja. Sheng Lihao wa China alishinda kwa wanaume kwa pointi 252.2 katika risasi 24, yaani wastani wa zaidi ya 10.5 kwa risasi, ilhali alama ya juu kabisa ni 10.9. Duara la kumi katika shabaha hiyo lina kipenyo cha nusu milimita tu.

Tahadhari

Saa ina hatari yake. Mtu anayeshindana na muda huelekea kusahau mambo ambayo asingeyasahau akiwa ametulia. Kwa hiyo kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi. Mtutu uelekezwe kwenye shabaha wakati wote. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka bunduki iwe imeelekezwa. Na masikio na macho yakingwe. Amri ya kusimamisha ikitolewa, kila mtu aache mara moja, hata kama sekunde zimebaki. Muda ukimalizika na risasi zikabaki, zihesabiwe kuwa zimekosa, wala asiruhusiwe mtu kuzimalizia. Aidha, mazoezi ya risasi hufanywa katika uwanja uliotengwa kwa mujibu wa sheria na chini ya msimamizi, si penginepo.

Ni vyema ikafahamika kwamba lengo la mazoezi haya si kumfanya mtu awe mwepesi wa kufyatua. Mlinzi ambaye mikono yake imezoea kazi hubakiwa na nafasi ya kutazama aliye mbele yake na nyuma yake, na kuamua kutopiga. Yule asiyezoea huitumia nafasi hiyo kupapatika na bunduki. Maji yakimwagika hayazoleki, na risasi iliyokwisha kutoka haiitwi ikarudi.